Samaki wa mapambo kutoka Kenya: yupi anaweza kuishi na matumbawe?

Samaki hai wanaokamatwa kwenye miamba ya pwani ya Kenya husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, Marekani na Asia, wakiwa ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji ya bahari na oksijeni. Wapiga mbizi wa Kwale, Mombasa na Kilifi huwakamata kwa nyavu ndogo, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa samaki wa mapambo aliyechubuka hana soko. Mwisho wa safari ni tangi la kioo sebuleni, ofisini au hotelini. Na siku hizi matangi mengi ya namna hiyo hayana samaki peke yao. Wenyewe hufuga humo matumbawe hai pia.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Samaki wa mwamba na matumbawe wameishi pamoja kwa mamilioni ya miaka, na ni rahisi kudhani kwamba kuwakutanisha tena ndani ya kioo ni kuwarudisha nyumbani. Baharini, hata hivyo, samaki anayekula matumbawe hudonoa kidogo hapa, akasogea na kudonoa kidogo kule, na tumbawe lililojeruhiwa hupata muda wa kupona. Katika tangi la lita 300 kuna makoloni kumi au ishirini tu. Samaki yule yule hurudi kwenye tumbawe lile lile asubuhi, mchana na jioni, hadi likaisha.

Wauzaji hutatua jambo hilo kwa lebo yenye maneno machache: salama kwa matumbawe, salama kwa tahadhari, au si salama. Lebo hizo zina manufaa, lakini zinaficha mengi. Samaki mmoja anaweza kuwa mpole miezi sita kisha akajifunza kudonoa. Mwingine hatagusa tumbawe maisha yake yote, ila atameza kamba na samaki wadogo wote waliokuwamo. Wapo pia ambao lebo yao ingepaswa kusomeka kwamba wasingetolewa baharini kabisa.

Namna tumbawe linavyokufa

Tumbawe ni koloni la wanyama wadogo waitwao polipi. Kila polipi ina mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri yenye seli za sumu, na matumbawe magumu hujijengea chini yake mifupa ya chokaa. Ndani ya nyama ya polipi huishi mwani wa hadubini unaotumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho hulifikia tumbawe lenyewe.

Ndiyo maana samaki hahitaji kulitafuna tumbawe lote ili aliue. Polipi iliyodonolewa hujikunja na kujificha. Ikidonolewa kila baada ya dakika chache, hubaki imejikunja mchana kutwa, mwani uliomo ndani yake haupati mwanga wa kutosha, na koloni huanza kudhoofika kwa njaa. Mfugaji huona tumbawe ambalo halifunguki, akapima chumvi, akapima joto, akabadilisha taa, ilhali mhalifu anaogelea mbele ya macho yake akiwa na rangi nzuri kuliko wote. Baadhi ya samaki hawali hata polipi. Hulamba ute ambao tumbawe hutoa kujikinga, na matokeo huwa yale yale.

Vitatange wasio na chakula kingine

Wavuvi wa pwani hutumia jina kitatange kwa kundi pana la samaki bapa wenye rangi za kuvutia. Wataalamu huligawa kundi hilo katika familia mbili, Chaetodontidae na Pomacanthidae. Kwa anayetafuta kitoweo mgawanyo huo hauna maana kubwa. Kwa mwenye tangi la matumbawe ndio mwanzo wa kila kitu, kwa sababu familia ya kwanza ina samaki ambao mdomo wao umeumbwa kwa kazi moja tu: kung'oa polipi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Chaetodon trifascialis, kitatange mweupe mwenye mistari myembamba iliyopinda kama ncha za mishale. Anapatikana Afrika Mashariki na katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Chakula chake karibu chote ni matumbawe ya jenasi Acropora, hasa yale yanayotanda kama meza, na hulinda meza yake dhidi ya samaki wengine kwa ukali wa mwenye shamba. Chaetodon trifasciatus na Chaetodon meyeri, ambao nao wanaonekana katika maji ya Kenya na Tanzania, wana tabia inayokaribiana na hiyo.

Samaki kama hawa wakiwekwa na matumbawe, watayamaliza. Wakiwekwa bila matumbawe, wengi hukataa kamba waliosagwa, chembechembe za dukani na kila kitu kingine, kisha hukonda mgongoni na kufa baada ya wiki chache. Hakuna tangi la kawaida linalowafaa. Anayewanunua kwa sababu ya uzuri wao hununua kifo cha polepole, na kila anayenunua humfanya mkamataji arudi kumtafuta mwingine.

Wako katika hali hiyo hiyo samaki wengine wawili wa eneo letu wasio vitatange. Oxymonacanthus longirostris ni samaki mdogo wa kijani mwenye madoa ya rangi ya chungwa na mdomo mrefu kama filimbi. Naye hutegemea Acropora. Exallias brevis ni samaki wa madoadoa anayekaa juu ya matawi ya matumbawe, na wauzaji wasio makini humwita mla mwani kwa kuwa jamaa zake wengi hula mwani. Yeye anakula polipi.

Uhaba wa chakula chao porini unafanya suala hili kuwa zito zaidi. Mwaka 1998 joto lililoletwa na El Niño lilipausha na kuua matumbawe kwa wingi katika magharibi ya Bahari ya Hindi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Aprili 2024, mamlaka ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, ilitangaza kwamba dunia imo katika tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Samaki wanaokula matumbawe pekee ndio wa kwanza kupungua mwamba unapokufa. Kuwatoa baharini wachache waliobaki ili wafe njaa ndani ya kioo ni biashara isiyo na utetezi.

Wanaofanana lakini si wamoja

Si kila mwanafamilia ni mharibifu, na hapa jicho la mnunuzi hujaribiwa. Hemitaurichthys zoster, kitatange wa Bahari ya Hindi mwenye mwili uliogawanyika kuwa rangi nyeusi na nyeupe, huishi kwa makundi makubwa akila viumbe vidogo vinavyoelea majini. Ni miongoni mwa vitatange wanaoaminika zaidi karibu na matumbawe, ingawa anahitaji nafasi na wenzake.

Wenye utepe mrefu mgongoni ndio huwachanganya wengi. Heniochus diphreutes hula viumbe vinavyoelea na mara nyingi huyaacha matumbawe salama. Heniochus acuminatus hutafuta chakula karibu na mwamba na anaweza kudonoa polipi na minyoo wa mirija. Wote wawili ni weupe, wote wana mistari mipana miwili myeusi, mapezi ya njano na utepe mweupe unaopepea. Ni pacha kwa mtu wa kawaida. Anayewajua hutazama pua, ambayo kwa acuminatus ni ndefu kidogo, na huhesabu miiba ya pezi la mgongoni: kwa kawaida kumi na moja kwa acuminatus na kumi na miwili kwa diphreutes. Kuhesabu miiba ya samaki anayeogelea ni kazi ngumu, na muuzaji asiyeweza kusema alichoagiza ni yupi kati ya hao wawili hastahili kuaminiwa neno lake kuhusu usalama.

Mkanganyiko kama huo hutokea kwa samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, mwembamba mwenye mstari mweusi unaotoka puani hadi kwenye mkia wa buluu. Huyu hula vimelea na ute kwenye ngozi za samaki wengine na hana habari na matumbawe. Yupo anayemwiga kwa rangi na hata kwa mchezo wa kuogelea, Aspidontus taeniatus, ambaye akisogelewa na mteja humng'ata kipande cha pezi. Mdomo wa msafishaji wa kweli upo mbele ya kichwa. Wa mwigaji upo chini. Na hata msafishaji wa kweli si chaguo jepesi, kwani tangi lenye samaki wachache wenye afya halina vimelea vya kumshibisha. Asipozoea chakula cha mkononi hufa.

Upo pia mtego wa kumtumia samaki kama dawa. Anemoni wadogo wa jenasi Aiptasia huingia ndani ya matangi pamoja na mawe, huzaana haraka na kuyachoma matumbawe. Chaetodon lunula, kitatange wa njano mwenye kitambaa cheusi machoni, huwala kwa hamu, na hivyo hununuliwa kwa kazi hiyo. Akishawamaliza hatafuti kazi nyingine mbali. Huanza na matumbawe.

Kati ya ndiyo na hapana

Familia ya pili ya vitatange, Pomacanthidae, ndiyo inayozua mabishano mengi zaidi miongoni mwa wafugaji. Mkubwa wao katika biashara, Pomacanthus imperator, huuzwa akiwa mdogo, rangi ya buluu iliyokolea na duara nyeupe zinazozungukana. Akikua hubadilika kabisa: mistari ya njano na buluu, barakoa nyeusi, na urefu unaoweza kufikia sentimita 40. Porini hula zaidi sponji na viumbe laini vilivyoshikamana na mwamba. Katika tangi hudonoa matumbawe yenye nyama nene, matumbawe laini na midomo ya kombe wakubwa. Wapo wanaomfuga na matumbawe magumu yenye polipi ndogo wakafanikiwa. Ni kamari, na anayeicheza afahamu kwamba anacheza.

Vitatange wadogo wa jenasi Centropyge ni kamari ya dau dogo zaidi. Afrika Mashariki ina wa kwake, Centropyge acanthops, mwenye mwili wa buluu na mgongo wa rangi ya chungwa, asiyezidi sentimita 8 hivi. Hula mwani na takataka ndogo za mwamba mchana kutwa. Mmoja anaweza kukaa miaka bila kosa, na mwingine wa aina hiyo hiyo akaanza kuonja matumbawe wiki ya pili. Wafugaji wazoefu hupunguza hatari kwa mambo matatu: tangi lililokomaa lenye mwani wa kutosha mawe mwake, chakula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku badala ya mara moja, na kumwingiza samaki huyo mwishoni, matumbawe yakiwa yameshashika na kukua. Samaki mwenye njaa hujaribu kila kitu. Sehemu kubwa ya udonoaji unaolaumiwa kwa aina ya samaki ulianza kwa tumbo tupu.

Jenasi Genicanthus ni tofauti na ndugu zake wote. Genicanthus caudovittatus, anayepatikana Bahari ya Shamu na magharibi ya Bahari ya Hindi, hula viumbe vinavyoelea. Dume na jike hawafanani hata kidogo, dume likiwa na mistari kama ya pundamilia. Kwa anayetaka umbo la kitatange bila hofu, huyu ndiye wa kumtafuta, ila akumbuke kwamba anafika sentimita 20 na anahitaji maji mengi.

Wanaoaminika

Orodha ya samaki wasiodhuru matumbawe ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Pseudanthias squamipinnis, samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanaoonekana kama wingu juu ya miamba ya Kenya, Tanzania na Bahari ya Shamu, hawana sababu ya kugusa polipi, kwa kuwa chakula chao kinapita na mkondo. Gharama yao ni muda: hula mara nyingi kwa siku, na mwenye kazi za kutwa asiye na kifaa cha kulisha atawaona wakikonda. Jenasi Cirrhilabrus na wenzao wadogo wa rangi kali nao ni salama, lakini huruka. Tangi lao lazima lifunikwe kwa wavu. Samaki wa Ecsenius midas, wa manjano na mwenye sura ya mtu anayeshangaa, hula vinavyoelea na kulala ndani ya mashimo.

Kangaja ni wala mwani na kwa matumbawe ni marafiki, kwani huzuia mwani usiyafunike. Zebrasoma desjardinii na Paracanthurus hepatus wote wanapatikana pwani ya Afrika Mashariki. Huyu wa pili ndiye aliyejulikana dunia nzima kupitia filamu ya katuni ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Huuzwa akiwa na ukubwa wa sarafu; akiachwa aishi hufikia sentimita 30. Tatizo la kangaja si mdomo wake, ni kioo kinachomzuia kuogelea.

Mhusika mkuu wa filamu hiyo, kwa upande wake, si wa huku. Samaki wa anemoni wa Afrika Mashariki ni wengine: Amphiprion allardi mwenye mistari miwili ya buluu hafifu, na Amphiprion akallopisos wa rangi ya waridi na chungwa mwenye mstari mweupe mgongoni. Wote wanaishi vizuri na matumbawe, na samaki wengi wa jenasi hii siku hizi huzalishwa kwenye mabwawa ya kufugia, jambo linalopunguza mzigo kwa miamba. Tahadhari inamhusu mwenyeji wao. Anemoni hutembea. Akiona mwanga au mkondo haumpendezi hujing'oa na kuhama, na kila tumbawe analolipitia huchomwa; akinaswa na pampu ya maji huchanika na kulichafua tangi zima. Samaki wa anemoni waliozalishwa kwenye mabwawa hawamhitaji ili waishi. Wasipompata, baadhi yao hujichagulia tumbawe lenye minyiri mirefu na kulisugua hadi likajikunja, nalo si kosa la kuwatoa tangini isipokuwa tumbawe lenyewe ni dogo.

Salama kwa nani?

Pterois miles, samaki mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, hajali matumbawe. Wala chewa hayajali. Lakini kila samaki anayeingia mdomoni mwao ataingia, na mdomo wao ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Kuna pia hesabu ya uchafu: samaki mkubwa mla nyama hutoa taka nyingi, naitrati na fosfati hupanda, na matumbawe magumu ndiyo yanayolipa.

Kikande na bunju wana meno ya kuvunja magamba. Hata wasipotaka polipi, watavunja tawi ili wamfikie kaa aliyejificha, na baadhi ya bunju, kama Arothron meleagris, hula matumbawe yenyewe. Odonus niger, kikande wa buluu anayekula vinavyoelea, ndiye wa kuonewa huruma katika ukoo wake, ingawa konokono na kamba hawako salama naye akikua. Pono ni mtengenezaji wa mchanga baharini kwa jinsi anavyoguguna mwamba. Katika tangi hana nafasi kabisa. Tasi hula mwani kwa bidii, mara moja moja hugeukia tumbawe laini, na miiba yake ina sumu ambayo wavuvi wa pwani hawahitaji kukumbushwa.

Maradhi ambayo hayatibiki ndani ya tangi la matumbawe

Jambo ambalo lebo ya dukani haigusi kamwe ni ugonjwa. Samaki wa baharini husumbuliwa sana na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, kinachoonekana kama punje za chumvi kwenye ngozi na mapezi. Moja ya tiba zinazotumiwa zaidi ni shaba iliyoyeyushwa majini kwa kipimo maalumu. Shaba hiyo huua kimelea, na huua pia matumbawe, kamba, konokono na karibu kila mnyama asiye na uti wa mgongo. Hujibanza kwenye mawe na mchanga, ikawa vigumu kuiondoa baadaye.

Kwa hiyo mwenye tangi la matumbawe akishaingiza samaki mgonjwa hana dawa ya kutia. Atalazimika kuwakamata samaki wote, mara nyingi kwa kubomoa mwamba alioujenga kwa miezi, awahamishie chombo kingine kwa tiba na kuliacha tangi bila samaki kwa wiki kadhaa hadi vimelea vikose mwenyeji. Watu wameacha ufugaji kwa sababu ya tukio moja kama hilo.

Suala hili linamhusu hasa kangaja mwenye sifa kubwa wa Bahari ya Hindi, Acanthurus leucosternon, wa buluu ya anga, uso mweusi na pezi la njano. Kwa matumbawe ni salama bila shaka. Kwa maradhi ni dhaifu, na hupata madoa meupe kwa mshtuko mdogo tu wa safari au ugomvi. Anayemtaka anahitaji chombo cha karantini kabla hajamhitaji samaki mwenyewe: tangi tupu, bila mawe, la kumchunguza na kumlisha kwa wiki nne hivi. Chombo hicho ni cha bei ndogo kuliko koloni moja zuri la Acropora, na bado ndicho ambacho wengi hukiacha.

Wanaolilinda tumbawe

Kuna samaki wadogo wa jenasi Gobiodon, wasiozidi urefu wa kidole, ambao huishi maisha yao yote katikati ya matawi ya Acropora. Mwaka 2012 watafiti Danielle Dixson na Mark Hay walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi yao nchini Fiji: tumbawe likiguswa na mwani wenye sumu hutoa kemikali majini, na ndani ya dakika chache samaki hao hutoka na kuukata mwani huo. Tumbawe lisilo na samaki hao liliharibika zaidi. Samaki mmoja waliyemchunguza, Gobiodon histrio, alizidi hata kuwa na sumu kwa wanaomwinda baada ya kuula mwani.

Katika tangi, Gobiodon wakati wa kutaga mayai anaweza kusafisha kipande kidogo cha nyama ya tumbawe ili apate mahali pa kuyabandika. Kwa koloni kubwa si hasara ya kuhesabiwa. Kinyume chake ni samaki wa jenasi Stegastes, weusi weusi, wakali, wanaouzwa kwa bei ndogo. Hao ni wakulima: hung'ata polipi makusudi ili wapate uwanja wa kuoteshea mwani wao, na mtu anayejaribu kuwaondoa huumwa mkono.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi makini huomba kitu kimoja dukani: amwone samaki akila. Samaki aliyeshika chakula kilichogandishwa au chembechembe mbele ya macho yake ana nafasi ya kuishi, na ana sababu ndogo ya kuyageukia matumbawe. Mgongo uliobonyea nyuma ya kichwa ni dalili ya njaa ya muda mrefu ambayo mara nyingi haiponi.

Swali la pili ni asili yake. Nchini Kenya, uvuvi wa aina yoyote umekatazwa ndani ya hifadhi kamili za bahari kama Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, zinazosimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS. Matumbawe magumu yenyewe yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo hayavuki mpaka kihalali bila kibali; vipande vilivyokuzwa kutoka koloni la mfugaji mwingine ndiyo njia isiyougusa mwamba. Baadhi ya nchi za Asia zimekuwa na tatizo la miaka mingi la samaki kukamatwa kwa sumu ya sianidi, ambayo humwacha samaki hai wiki chache tu na huua matumbawe alikojificha. Samaki wa bei ya kutupa ana sababu ya kuwa na bei hiyo.

Linabaki swali la samaki aliyekwisha kuingia na kuanza kudonoa. Mtego wa plastiki wenye chakula humnasa bila kubomoa mwamba, ukiachwa wazi siku kadhaa hadi auzoee. Maduka mengi hukubali kumpokea, na mfugaji mwenye tangi la samaki watupu humchukua kwa furaha. Mahali pasiporuhusiwa ni baharini, hata kama bahari iko hatua chache kutoka mlangoni na samaki anaonekana kutamani kurudi: hubeba maradhi ya tangi, na pengine si wa bahari hiyo. Samaki wa jenasi Pterois, wakiwemo wa aina ile ya pwani ya Afrika Mashariki, wako leo katika Karibiani na pwani ya mashariki ya Marekani, maelfu ya kilomita kutoka kwao. Walionekana Florida mwaka 1985, na wanasayansi wengi wanaamini walitoka kwenye matangi. Tangu hapo wamekuwa wakimeza samaki wadogo wa miamba ya huko, ambao hawakuwa wamejifunza kuwakimbia.